Lugha, Tabaka na Mtihani: Historia ya Mtoto Aliyeangushwa katika Shule za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

UTANGULIZI

Nyeri husifiwa kwa elimu. Katika vitabu na ripoti nyingi zihusuzo elimu nchini Kenya, sehemu za Mlima Kenya hutajwa miongoni mwa zile zilizotangulia kupata shule, zilizotangulia kudai shule, na zilizotoa walimu, makarani na wasomi wengi mapema. Sifa hiyo si ya bure. Walakini sifa ya eneo si sifa ya kila mtoto aliyezaliwa ndani yake. Kando ya shule zenye majina makubwa wamekuwapo, tangu mwanzo, watoto walioingia darasani wakatoka mikono mitupu, na wengine ambao hawakuingia kamwe: watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa, wa wachukuzi na watumishi wa nyumba, wa familia zisizo na ardhi, wa Waislamu wa Majengo, na wa Waturukana na Wasamburu waliofuata kazi hadi Nanyuki. Historia yao imeandikwa kwa uchache, kwa sababu historia ya elimu aghalabu huandikwa na wale waliofaulu.

Katika Kiswahili cha Kenya husemwa kwamba mtoto "ameanguka mtihani". Kwa sarufi ya usemi huo, mtoto ndiye mtenda: ameanguka yeye, na shule haionekani popote katika sentensi. Makala haya yanakusudia kuigeuza sentensi hiyo na kuuliza kama mtoto huyo hakuangushwa, na kama aliangushwa, ni kwa njia gani. Tutadai mambo mawili. Kwanza, shule za eneo hili zilijengwa ili zichuje, na kila mageuzi ya elimu tangu enzi ya ukoloni yamebadili chujio bila kuondoa uchujaji. Pili, lugha imekuwa sehemu muhimu sana ya chujio hilo, wala si lugha moja daima: mara ilikuwa Kikikuyu cha misheni, mara Kiingereza, mara Kiswahili sanifu. Kwa miji ya Mlima Kenya tunakusudia Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru.

1. MSOMAJI NA ASIYE MSOMAJI, 1902–1929

Waingereza walianzisha boma la Nyeri mwaka 1902, la Embu mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908. Wamisionari walifuata nyayo hizo. Wakatoliki wa Consolata walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 na punde wakaufanya Nyeri kuwa makao yao. Kanisa la Scotland lilijenga kituo Tumutumu, karibu na Karatina. Waanglikana walikaa Kigari upande wa Embu, na Wamethodisti Kaaga upande wa Meru. Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari kazi ya kuwafundisha Waafrika, nayo ikatoa ruzuku. Kwa hiyo, kwa muda wa kizazi kizima, mlango wa shule ulikuwa ni mlango wa kanisa.

Lugha yenyewe inatupa ushahidi wa jambo hili. Neno la Kikikuyu "gũthoma", yaani kusoma, linaelekea kuwa limetokana na neno la Kiswahili "kusoma". Lakini lilipoingia katika Kikikuyu maana yake ilipanuka. "Mũthomi" hakuwa tu mtu ajuaye kusoma. Alikuwa Mkristo, mtu wa misheni, tofauti na jirani yake aliyeshika mila. Maneno mawili, kusoma na kuamini, yakawa neno moja. Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa na wanaisimu. Neno hilo lilitoka katika lugha iliyoletwa milimani na wapagazi, askari na wachuuzi, wengi wao Waislamu; na bado mtoto wa Mwislamu azungumzaye lugha hiyo hakuhesabiwa kuwa "mũthomi".

Wapagazi, askari na wachuuzi hao, pamoja na wenyeji waliojiunga nao, ndio walioanza vitongoji viitwavyo Majengo, ambavyo hadi leo vinapatikana Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru. Katika Majengo watu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja, wakaoana, na wakalea watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa mshahara au wa biashara ndogondogo. Kwa mzazi wa Majengo shule ya misheni ilikuwa na bei mbili: karo, na hofu ya kumpoteza mtoto kwa dini nyingine. Wengi waliona afadhali chuo cha Kurani, ambacho kilimfundisha mtoto kusoma lakini hakikumpa cheti ambacho mwajiri angekitambua.

Sera ya lugha nayo haikumsaidia. Mkutano wa pamoja wa wamisionari uliofanyika Nairobi mwaka 1909 ulikubaliana kwamba lugha ya mama itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiswahili katika madarasa ya kati, kisha Kiingereza. Kwa karatasi, mpango huo ulikuwa na nafasi ya kila mtu. Kwa vitendo, misheni za Nyeri zilitia nguvu zao katika Kikikuyu. A. R. Barlow, mmoja wa wanasarufi wakubwa wa lugha hiyo, alifanya kazi Tumutumu. Wakatoliki wa Nyeri walikuwa na kiwanda chao cha chapa, na kuanzia mwaka 1916 walitoa gazeti la Kikikuyu, Wathiomo Mukinyu. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuithamini lugha ya wenyeji. Kazi yao ni hazina hata leo. Lakini ni lazima tuone ni nani aliyeachwa nje. "Lugha ya mama" katika sera hiyo ilikuwa lugha ya kabila lenye ardhi na misheni. Upande wa Embu, vitabu vya Kikikuyu, pamoja na Biblia, vilitumika kwa watoto ambao lugha yao ni jamaa ya Kikikuyu lakini si Kikikuyu. Na mtoto wa mjini, ambaye mama yake alisema Kiswahili, kwa sera hiyo alikuwa kana kwamba hana mama.

2. DAI LA KIINGEREZA, 1929–1952

Katika miaka ya 1920 Wakikuyu wenyewe walianza kuuliza maswali juu ya shule walizopewa. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu "iliyolingana na mazingira" ya Mwafrika, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Wazazi waliielewa maana yake bila kufasiriwa: ilikuwa elimu ya kuwafanya vibarua hodari. Mabaraza ya wenyeji ya wilaya yalianza kuchanga fedha ili ijengwe shule ya serikali isiyokuwa chini ya misheni, na tunda la michango hiyo ni Kagumo, iliyofunguliwa karibu na Nyeri mwaka 1933.

Mgogoro wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana ulizidisha mfarakano. Kanisa la Scotland na misheni nyingine za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu watie sahihi au alama ya kidole, iliyoitwa kĩrore, kuikana desturi hiyo. Maelfu ya wazazi waliwatoa watoto wao shuleni. Kutokana na hali hiyo zilizaliwa shule za kujitegemea, chini ya chama cha KISA, kilichokuwa na nguvu Nyeri, na kile cha Karing'a, kilichokuwa na nguvu zaidi Kiambu. Mwaka 1939 kilianzishwa chuo cha walimu cha Githunguri. Shule hizi zilijengwa kwa shilingi na jasho la watu wa kawaida. Kuhusu lugha, msimamo wao ulikuwa wazi: zilitaka Kiingereza, na zilikitaka mapema kuliko serikali ilivyoruhusu.

Jambo hili linapasa kuwafikirisha wale wanaodhani kwamba Kiingereza kilishindiliwa tu kutoka juu. Mkulima maskini wa Nyeri aliona kwamba karani ajuaye Kiingereza alipata mshahara mara kadhaa ya ule wa kibarua, na kwamba Mzungu aliyehubiri uzuri wa lugha za kienyeji hakumfundisha mtoto wake mwenyewe kwa lugha hizo. Kudai Kiingereza kulikuwa kudai haki. Kosa halikuwa katika dai hilo. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa uchumi uliofanya lugha moja iwe ufunguo wa pekee, kisha ukahakikisha kwamba funguo zenyewe ni chache.

Yasisahauliwe pia mashamba ya walowezi katika nyanda za Nanyuki na Laikipia. Huko kibarua aliishi kwa hisani ya bwana shamba, kipande shingoni, na shule, ilipokuwapo, kwa kawaida haikuvuka madarasa ya mwanzo. Mtoto wa kibarua alikuwa mkono wa kazi katika msimu wa mavuno. Hakuna haja ya kumtungia mtoto huyo mtihani wa kumchuja. Alikwisha kuchujwa na mkataba wa baba yake.

3. RIPOTI YA BEECHER, HALI YA HATARI NA ARDHI, 1949–1960

Ripoti ya kamati ya Askofu msaidizi Leonard Beecher, aliyekuwa wakati huo shemasi mkuu, ilitolewa mwaka 1949. Iligawa elimu ya Mwafrika katika ngazi tatu za miaka minne minne. Mwisho wa darasa la nne mtoto alikabili mtihani wa ushindani. Mwisho wa darasa la nane alikabili mtihani wa KAPE. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja aliweza kuambiwa kwamba masomo yake yamekwisha. Wakikuyu wengi waliipinga ripoti hiyo kwa sababu waliiona kuwa ni ukuta uliojengwa katikati ya ngazi. Miaka michache baadaye ujumbe wa Binns, uliozuru mwaka 1951 na 1952, ulishauri kwamba Kiswahili kiondolewe katika shule za sehemu ambazo si lugha ya wenyeji. Ushauri huo ulikuja wakati ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya wafanyakazi wa mijini na ya vyama vyao. Kuanzia hapo Kiswahili kilififia shuleni, na mtoto wa Majengo akapoteza hata ile nafasi ndogo ya madarasa ya kati aliyopewa mwaka 1909.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Shule za kujitegemea zilifungwa, au zikatiwa mikononi mwa misheni na halmashauri za elimu za wilaya. Githunguri nayo ikafungwa. Kwa mtoto wa mpiganaji au wa mtu aliyewekwa kizuizini, shule haikuwa imefeli, ilikuwa imefutwa. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa boma na mahandaki. Wakati huo huo ulipitishwa Mpango wa Swynnerton na kuanza kazi ya kuunganisha mashamba na kuyasajili. Wengi walikuwa kizuizini au msituni wakati mipaka ilipopimwa, na waliokuwa ahoi, yaani waliolima kwa ruhusa ya mwenye ardhi, walipoteza hata ruhusa hiyo.

Kwa nini makala ya lugha na shule yasimulie mambo ya ardhi? Kwa sababu tangu wakati huo ardhi iliyosajiliwa ndiyo iliyolipa karo. Mwenye hati alipanda kahawa, na baadaye majani ya chai, akapata fedha kila mwaka na dhamana ya mkopo. Asiye na hati alibaki katika kile kijiji cha Hali ya Hatari, au akahamia vitongoji vya Nyeri mjini kama Witemere na Kiawara, au Likii huko Nanyuki, akawa kibarua wa yule mwenye hati. Hadi leo zipo familia za Nyeri ziishizo katika viwanja vya vijiji vile vya miaka ya 1950. Tofauti ya matabaka ambayo shule za baada ya uhuru zilidai kuikuta tu, na kuipima kwa haki, ilikuwa imepimwa kwanza kwa mnyororo wa mpima ardhi.

4. ALAMA YA AIBU

Katika kipindi hicho hicho ndani ya shule palikuwa na chombo kingine kilichofanya kazi kimyakimya. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alipelekwa mwaka 1951 katika shule ya bweni ya wasichana ya St. Cecilia's, kwenye misheni ya Mathari. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2006 anaeleza jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivyovishwa kibandiko kiitwacho "monita", akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza desturi kama hiyo katika shule yake upande wa Limuru. Wanafunzi wengi wa Kenya wa vizazi vilivyofuata wanaijua kwa majina mengine.

Huwa tunaizungumzia desturi hii kama dhuluma kwa lugha zetu, na ni kweli. Lakini tuitazame pia kwa jicho la tabaka. Alama hiyo haikumwelemea kila mtoto sawasawa. Mtoto wa mwalimu au wa karani, aliyesikia Kiingereza nyumbani na kuona gazeti mezani, aliweza kuikwepa. Mtoto wa kibarua alikuwa na njia moja tu ya kuikwepa, nayo ni kunyamaza. Mwalimu aliyeona ukimya huo aliandika katika ripoti kwamba mtoto ni mzito. Kwa hiyo adhabu ya lugha iligeuka kuwa hukumu juu ya akili, na hukumu hiyo mtoto akaibeba hadi nyumbani akiiamini. Maathai aliishinda alama ile na kwenda mbali. Wale waliokaa nayo muda mrefu zaidi hawakuandika kumbukumbu.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri aliyefukuzwa Alliance kufuatia mgomo wa wanafunzi mwaka 1940, aliwekwa kizuizini katika Hali ya Hatari, kisha akaendesha shughuli za uchapishaji mjini Karatina na kutoa vitabu vya Kikikuyu, vikiwamo vya kufundishia kusoma. Mwaka 1984 alipata Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini. Yeye ni mfano wa kuthibitisha kwamba katika mji mdogo wa sokoni ilikuwapo hadhira ya watu wa kawaida waliosoma kwa hamu pale waliposomeshwa kwa lugha waliyoimiliki.

5. UHURU NA MTIHANI WA CPE, 1963–1984

Uhuru ulipofika wazazi walitegemea kwamba chujio litavunjwa. Mtihani wa darasa la nne uliondolewa, na shule zikaacha kugawanywa kwa rangi. Lakini Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964 na 1965, ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Utaratibu huo ulikuwa umejaribiwa kwanza mwaka 1957 katika shule za watoto wa Kihindi Nairobi, zenye walimu na vitabu vya kutosha. Ulipofikishwa katika shule za vijijini na vitongojini, ulikuta mwalimu mwenye elimu ndogo na darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto kadhaa. Shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi zilibaki na walimu wao na karo zao za juu. Rangi iliondoka mlangoni, bei ikasimama mahali pake.

Mtihani wa CPE uliofuata ulikuwa na karatasi za Kiingereza, Hisabati na maarifa ya jumla. Kiswahili, lugha ambayo mwaka 1974 Rais Kenyatta aliitangaza kuwa lugha ya Bunge, hakikutahiniwa. Kwa hiyo kilifundishwa kwa ulegevu, au vipindi vyake vikatwaliwa na Hisabati. Uchunguzi wa mtihani huo uliofanywa katika miaka ya 1970 chini ya H. C. A. Somerset ulionyesha kwamba maswali mengi yalipima kumbukumbu tu na yaliwapendelea watoto wa shule bora za mijini. Maswali yakabadilishwa yapime kufikiri na yatumie mambo ambayo mtoto wa shamba anayaona, na shule zikapelekewa maelezo juu ya makosa ya watahiniwa. Mwanzoni pengo kati ya wilaya lilipanuka, kisha likaanza kupungua. Funzo lake ni kubwa: sehemu ya kile kilichoitwa uzito wa akili ya watoto ilikuwa uzito wa kalamu ya mtunga mtihani.

Katika sehemu za Mlima Kenya walioanguka CPE, au waliofaulu bila kupata nafasi, walikimbilia shule za harambee. Ari iliyojenga shule hizo ilikuwa ile ile ya KISA. Lakini bila ruzuku kamili ya serikali, ziliwatoza wazazi karo kubwa kuliko shule za serikali huku zikiwa na maabara duni na walimu wasiofunzwa. Maskini alilipa zaidi akapata kidogo.

Amri iliyoanza kutumika Januari 1974 iliondoa karo katika madarasa manne ya mwanzo. Watoto wa darasa la kwanza nchini waliongezeka kutoka takriban 380,000 mwaka 1973 hadi takriban 960,000 mwaka 1974. Idadi hiyo inawajibu wale wanaodai kwamba maskini hawapendi elimu. Lakini karo ilipoondoka yalikuja malipo ya ujenzi, ambayo mara nyingine yaliishinda karo yenyewe, na wengi wa watoto hao walitoweka kabla ya darasa la saba.

6. KISWAHILI KINATAHINIWA, 1985 HADI SASA

Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiswahili kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa. Pendekezo la pili lilitimizwa pale mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na mtihani wa KCPE ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1985. Sisi walimu wa Kiswahili tuliufurahia ushindi huo, na tulikuwa na haki. Ingetarajiwa basi kwamba mtoto wa Majengo, aliyenyimwa shule kwa lugha tangu mwaka 1909, sasa angetangulia.

Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kiswahili kilichoingia katika mtihani ni kile kilichosanifishwa kwa msingi wa Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kiswahili cha Majengo ya Nyeri au Nanyuki ni cha bara, kilichokua sokoni na kambini. Humo mtu husema "kitu hii", "vitu zangu", "ile kitabu", na ngeli chache hufanya kazi ya nyingi. Mfumo huo una kanuni zake, na watu wameutumia kwa vizazi kadhaa kuoana, kushtakiana na kusalishana maiti. Mtoto wa kijijini anayeanza Kiswahili shuleni hujifunza ngeli kama kanuni mpya, kama ajifunzavyo jedwali la kuzidisha. Mtoto wa Majengo yampasa asahau kwanza alivyofundishwa na mama yake. Wekundu unaojaa katika insha yake haumwelezi kwamba ana lahaja nyingine. Unamweleza kwamba hajui lugha yake mwenyewe. Jirani yake wa Likii, mwenye wazazi Waturukana, anasoma kwa lugha ya tatu au ya nne, na sera ya "lugha ya eneo la shule" haina jibu kwa darasa lenye lugha tano. Katika hali hiyo shule nyingi za mijini hukimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Wakati huo huo bei ilipanda tena. Sera ya kuchangia gharama ya mwaka 1988 iliwarudishia wazazi mzigo wa vitabu na majengo. Katika miaka iliyofuata shule za binafsi ziitwazo akademia zilienea katika miji yetu, zikiuza hasa Kiingereza na alama za mtihani. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliongeza wanafunzi nchini kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, lakini walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho, na wazazi wenye uwezo waliwahamishia watoto wao akademia. Shule ya umma ya kitongojini ikabaki kuwa shule ya wasio na pa kwenda. KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa upo mtaala wa umilisi, unaomtaka mtoto afanye kazi nyumbani kwa vifaa na kwa msaada wa mzazi. Ni mtaala wenye nia njema. Lakini mama anayerudi kutoka kuchuma kahawa ya watu saa moja za usiku si mzazi ambaye mtaala huo ulimfikiria. Ikiwa hatukuangalia, chujio lililokuwa katika chumba cha mtihani litahamia katika chumba chake.

7. MJADALA WA KWINGINEKO

Suala hili si la Nyeri peke yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 Basil Bernstein, huko London, alijaribu kueleza kushindwa kwa watoto wa wafanyakazi kwa kutofautisha mitindo miwili ya usemi: mmoja uliofungamana na mazingira ya wasemaji, na mwingine ulio bayana, unaothaminiwa na shule. Wengi waliomfuata walimsoma vibaya, wakahitimisha kwamba lugha ya mtoto maskini ina kasoro. Mwaka 1969 William Labov, kwa kuchunguza usemi wa vijana Weusi wa Harlem, alionyesha kwamba lugha yao ina mantiki kamili, na kwamba ukimya wa mtoto mbele ya mtahini ni matokeo ya hali ya mtihani wenyewe. Mwaka 1979 mahakama moja ya Marekani iliamua katika kesi ya Ann Arbor kwamba shule inapaswa kuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto inapowafundisha kusoma. Watoto hao walikuwa wachache, maskini, katika mji uliosifika kwa chuo kikuu chake. Msomaji ataona jinsi mji huo unavyofanana na Nyeri.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja lugha ya shule imebadilika mara kadhaa katika miji ya Mlima Kenya, na kila mara aliyebaki nje ni mtoto wa tabaka moja. Hilo latosha kututahadharisha tusidhani kwamba kubadili lugha ya kufundishia peke yake kutamwokoa. Bila walimu wa kutosha, karo isiyomfukuza, na mzazi mwenye riziki, lugha yoyote, hata ile tunayoipenda, itageuzwa kuwa chujio.

Hata hivyo upo wajibu usioweza kutupiwa wizara wala wazazi. Ni wetu sisi wa idara za lugha. Kwanza, Kiswahili cha miji ya bara kichunguzwe na kuelezwa kama mfumo, wala kisiwe tu chanzo cha mifano ya makosa katika vitabu vyetu. Pili, walimu tunaowafunza wajue kutenganisha lahaja na ujinga: wafundishe Kiswahili sanifu kama lugha ya kuongezewa mtoto, si adhabu ya aliyoileta. Tatu, sisi tutungao na kusahihisha mitihani tukubali kwamba kalamu zetu zinaweza kuangusha, kama zilivyoonekana katika miaka ya CPE.

Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hizo mbili zilikwisha kukutana zamani katika mtoto mmoja, yule wa Majengo. Siku tutakapoweza kueleza kwa nini bado yeye ni wa mwisho darasani katika somo la lugha ya mama yake, ndipo tutakuwa na haki ya kusema kwamba ameanguka. Hadi hapo, sarufi inatutaka tutumie kitenzi cha kutendesha, na tumtaje mtenda.